Kisiwa Kati ya Wakubwa Wawili

Ramla alikuwa akipaa samaki kwenye ncha ya kisiwa cha Lutumba, kama kila asubuhi. Kisiwa hicho kiko katikati ya mto Lualaba, chini kidogo ya mji wa Kindu. Nyumba zake ni chache, na wenyeji wote ni ndugu. Wanaishi kwa samaki na mihogo, na jioni hugombana kidogo ili siku isipite bure.

Siku hiyo Ramla hakuwa na raha. Kisu kilikuwa mkononi, lakini macho yalikuwa kwenye motere.

Motere hiyo, injini mpya ya mtumbwi, ililazwa juu ya mkeka, nje ya nyumba ya kaka yake, Tambwe. Tambwe ndiye kapita, yaani mkuu wa kisiwa. Zawadi hiyo ilitoka kwa Bwana Alain, mwenye draga upande wa mashariki. Draga ni mashine inayoelea mtoni. Hunyonya mchanga na kokoto ili watu wapate dhahabu. Bwana Alain hakuomba kitu, ingawa watu walijua anaitamani ncha ya kisiwa. Alisema tu kwamba Jumamosi atakuja kula samaki, waongee kama jamaa.

Upande wa magharibi kulikuwa na draga nyingine iliyotaka mahali hapo hapo. Mwenyewe alikuwa mtu mwenye askari, na watu walimwita Komanda. Yeye alituma salamu tu. Lakini salamu za mwenye bunduki hazimpi mtu usingizi.

"Sisi tuko badogo," Tambwe alimwambia dada yake. "Mutu mudogo anatafuta mukubwa mumoja wa kumukinga. Alain njo atatukinga na Komanda."

Maneno hayo aliwahi kuyasikia, tena kutoka kinywani mwa baba yao.

Ilikuwa wakati wa vita. Treni hazikufika tena, na chumvi ikaadimika Kindu nzima. Watu walikula sombe, yaani majani ya mihogo, bila chumvi huku wamekunja uso. Ndipo kikosi kimoja kikamletea baba gunia la chumvi. Kisiwa kizima kilifurahi. Baba alipokea, akawapikia samaki. Tangu siku hiyo wale watu wakasema, sisi na wewe ni nyumba moja. Wakalala kisiwani. Wakachukua mitumbwi. Kikosi cha ng'ambo ya pili nacho kikaona kisiwa ni cha adui, kikakipiga risasi. Mama yao alizama akikimbia, katika mtumbwi uliojaa kupita kiasi. Mpaka leo Ramla akisikia ladha ya chumvi humkumbuka mama, na chakula humshinda.

"Yaya, baba naye alisema vile vile," Ramla alimjibu, akimwita kama mdogo anavyomwita kaka mkubwa.

Tambwe akasema kwamba kurudisha zawadi ni kumtukana mtu, na Lutumba hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Alisema kweli, na hiyo kweli ndiyo iliyomtia Ramla hofu zaidi.

Ramla akapanda mtumbwi, akaenda Kindu kumtafuta Mama Scholastique. Mama huyo hununua samaki wake wa moshi. Pia huongea redioni kuhusu ardhi na madini. Alimsikiliza Ramla mpaka mwisho, akafunga duka lake, wakarudi pamoja. Alipofika alikula kwanza, maana samaki wa Lutumba hawasubiri. Ndipo akamgeukia Tambwe.

"Kapita, sheria inataka wenyeji baulizwe, bote, mbele ya watu. Weye peke yako hauwezi kusema ndiyo."

Akawaeleza habari anazosoma redioni, za nchi ambazo ni visiwa huko baharini. Ni ndogo, na majirani zao ni wakubwa. Huyu analeta bandari, yule analeta barabara, na wote wanatazama samaki na madini. Nchi ikijifunga kwa mkubwa mmoja, ugomvi wa mkubwa huyo unakuwa wake. Zenye akili huongea na wote, waziwazi, na hushikana na visiwa vingine vidogo.

"Na sisi tutashikana na nani?" Tambwe aliuliza. "Na viboko?"

"Na bale ba vijiji vya pembeni," Scholastique alisema. "Draga ikikula hii ncha, kichwa ya kisiwa, maji itageuka, itakula mashamba yao. Mulishabauliza?"

Hawakuwa wamewauliza. Tambwe akakubali waulizwe kabla ya Jumamosi.

Ramla na Tambwe wakazunguka kijiji kwa kijiji, ng'ambo zote mbili. Wengine waliogopa, wakafunga mlango. Kila mlango uliofungwa ulimvunja Ramla moyo. Lakini wengi walijua mto unavyokula ardhi, wakasema watakuja.

Jumamosi Bwana Alain alikuta watu wamejaa ufukoni. Ofisa wa migodi alikuwapo, maana Scholastique alimwita. Mtu wa Komanda naye aliitwa. Alisimama pembeni akivuta sigara. Tambwe alisalimu watu, kisha akamwashiria dada yake aseme. Ramla akasimama.

"Baba Alain, aksanti. Motere yako iko hapa, hatukuiwasha. Weye na Komanda tunabaambia neno moja. Kwenye kichwa ya kisiwa, hapana draga. Kule iko makaburi na mashamba yetu. Maneno ingine mutaongea na sisi bote, mbele ya serikali."

Bwana Alain aliwatazama watu wa ng'ambo hii, akawatazama wa ng'ambo ile. Hakutarajia kuwaona pamoja. Mwishowe akawaambia vijana wake waibebe motere.

Ofisa akaweka mipaka, na draga zote mbili zikasogezwa mbali na kisiwa. Hofu haikuisha yote. Ramla bado hugeuka akisikia injini. Lakini sasa vijiji hukutana kila mwezi, na mgeni wa mto hupokewa na wote.

Siku moja Bwana Alain alirudi akitaka samaki. Tambwe akamtajia bei. Alain akacheka, akalipa. Kesho yake wakaja watu wa Komanda, nao wakatajiwa bei ile ile.

Jioni Ramla aliweka chungu jikoni. Akachota chumvi aliyoinunua mwenyewe sokoni, akaonja mchuzi. Alimkumbuka mama yake. Kisha akala mpaka akashiba.