Mguu Uliofanya Mazoezi ya Mwenzake

Kengele ya kutoka shule ikilia, wenzake walikwenda nyumbani kula, lakini Kishada alikwenda ziwani. Jina hilo alipewa na mjomba wake, mwenye boti ya kufundishia watoto kuteleza juu ya maji. Mtoto hufungwa miguu kwenye ubao, hushika kamba, boti ikaondoka, naye akainuka. Msichana huyu alikuwa mwepesi kiasi kwamba kamba ikikaza tu, huyo juu. Mjomba akasema, "Huyu si mtoto, ni kishada," na jina likamganda.

Mwisho wa muhula wanafunzi wa mjomba wangefanya onyesho mbele ya wazazi, na Kishada ndiye aliyechaguliwa kulifungua. Habari hiyo aliitangaza mtaa mzima, hata kwa mwenye duka ambaye hakumuuliza.

Jioni moja akaona kuteleza tu hakutoshi. Mjomba alikuwa amemkataza kuruka wimbi linaloachwa na boti mpaka afundishwe. Yeye akaliruka. Kupanda alipanda vizuri, kushuka ndiko kulikomshinda. Ubao ulitua kwa upande, ukamtegua mguu wa kushoto, naye akaingia majini kichwa mbele.

Mjomba alimpandisha gatini, akamlaza kwenye benchi na kuuegemeza mguu juu ya jaketi la uokozi. Kisha akaweka barafu iliyofungwa ndani ya taulo. Kifundo kilikuwa kimeshavimba kama kiazi.

"Nikanyage kidogo nione, Mjomba?"

"Hukanyagi chochote. Na mtu asikukande wala kukuchua mpaka tufike hospitali."

Hospitalini picha ilionyesha mfupa mzima, ila kano zimevutika. Kishada akafungwa bendeji, akapewa magongo na kuambiwa apumzike. Kwake yeye, kupumzika ndiyo iliyokuwa dawa chungu kuliko zote. Uvimbe ulipokwisha, alipelekwa kwa mama mmoja mcheshi ambaye wagonjwa wote walimwita Daktari wa Mazoezi.

"Shika kiti, usimame kwa mguu huu wa kushoto peke yake," daktari alimwelekeza. "Inuka kwa vidole, ushuke polepole. Asubuhi na jioni. Ukichoka ni sawa. Mguu ukichoma kama sindano, acha, uje uniambie."

"Na onyesho je, Daktari?"

"Hilo tutauuliza mguu."

Nyumbani, mama yake Kishada alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa sebuleni. Kishada alifanyia mazoezi chumbani. Siku ya kwanza mguu wa kushoto ulitetemeka, ukachoka mapema, akaona aibu ingawa hapakuwa na mtu wa kumcheka. Akajaribu kwa mguu wa kulia. Ulipanda na kushuka bila taabu. "Kesho nitarudi kwa ule mgonjwa," akajiambia. Kesho ikaja na kesho yake, na mgonjwa akaendelea kulala.

"Unafanya?" Mama aliuliza kila aliposikia kiti kikigonga sakafu.

"Nafanya, Mama."

Alijiona hajasema uongo, kwani hakuulizwa mguu upi. Hata hivyo, kila alipojibu hivyo moyo ulimsuta kidogo.

Onyesho lilipokaribia, Mama alimshonea suruali ya kubana ya kuvaa majini. Mguu wa kushoto ulipita vizuri. Wa kulia ukakwama kwenye shavu la mguu. Mama alikasirika, si kwa mtoto, bali kwa mkasi wake mwenyewe. Akafumua mshono, akapima kitambaa, akakuta pande zote sawasawa. Ndipo alipoizungusha futi yake ya kupimia kwenye shavu la mguu mmoja, kisha la pili.

"Kuna mguu hapa unakula chakula cha mwenzake," alisema. "Mgonjwa amekonda, mzima amenenepa. Mwanangu, ulikuwa ukifanyia mazoezi mguu upi?"

Kishada alitazama dari, lakini dari haikumsaidia. "Huu mzima, Mama. Ule mwingine ulikuwa unatetemeka."

Mama alicheka mpaka akavua miwani na kufuta machozi. Halafu kicheko kikamwisha. "Mimi nimecheka, lakini ungepanda ubao na mguu huo, ungeumia upya, na pengine vibaya zaidi. Vaa viatu. Tunakwenda kwa daktari, na utamweleza wewe mwenyewe."

Kishada alimweleza, machozi yakimlengalenga. Daktari hakumgombeza. Alimsimamisha kwa mguu wa kushoto, na mara hiyo hiyo Kishada akayumba na kulikamata pazia.

"Mguu umeshajibu," daktari alisema. "Bado kuna muda, lakini ni mchache. Fanya kweli, kisha uje nikupime. Siahidi."

Kuanzia hapo mazoezi yalihamia sebuleni, mbele ya cherehani. Mguu ulitetemeka mbele ya watu, na kumbe aibu haiui. Mjomba akipita jioni alisimama naye kwa mguu mmoja ili kumtia moyo, akaanguka juu ya kikapu cha vitambaa, na Mama akasema huyu sasa ni mgonjwa wa pili. Nyumba ikawa na vicheko kuliko zamani. Taratibu mguu ukatulia, ukaacha kuomba kiti.

Siku ya kupimwa ikafika. Kishada alisimama, akainuka, akaruka papo hapo. Yote alifanya vizuri.

"Unaumwa mahali?" daktari aliuliza.

Kishada aliyapima majibu yote mawili. Akisema hapana, onyesho lilikuwa lake. Akisema ndiyo, huenda angelitazama kutoka gatini. Mjomba, aliyemsindikiza, alikuwa amesimama mlangoni akimsikiliza.

"Nikitembea siumwi," akasema taratibu. "Nikiruka na kutua kwa nguvu, panachoma hapa."

Daktari alibonyeza pale alipoonyeshwa, akatikisa kichwa kukubali. "Basi utateleza, ukiwa umefungwa bendeji. Hutaruka. Umenisaidia kujua pa kuweka mpaka."

Siku ya onyesho wazazi walijaa gatini. Boti ilinguruma, kamba ikakaza, na Kishada akapaa juu ya maji. Hakuruka hata wimbi dogo. Alikata maji kushoto na kulia, akanyoosha mkono mmoja juu, na Mama akapiga vigelegele ambavyo mjomba alidai vilizidi sauti ya injini. Furaha ilimjaa Kishada mpaka akasahau kufunga mdomo, akameza maji ya ziwa.

Aliporudi gatini, Mjomba alimfungua ubao, akamkagua kifundo, kisha akamtazama usoni.

"Umeteleza vizuri," alisema. "Lakini mimi nilifurahi zaidi siku ile ulipomwambia daktari panapouma, huku ukijua unaweza kukosa onyesho. Ugonjwa unaofichwa hakuna anayeweza kuutibu, na mazoezi ya kujidanganya hayamponyi mtu. Nikiwa kwenye usukani nakupa mgongo, sioni mguu wako. Nategemea mdomo wako useme kweli. Mtoto anayesema kweli namvuta bila hofu."

"Kwa hiyo utanifundisha kuruka?"

"Mguu ukipona kabisa, nitakufundisha. Nani ataniambia kwamba umepona?"

Kishada aliutazama mguu wake wa kushoto, uliokuwa umejaa tena kama mwenzake.

"Mimi," akasema.