Supu Kabla ya Sindano za Baridi

Peiyi alikuwa bado anamimina supu kutoka kwenye chupa ya chai, akizuia mifupa kwa kijiko, Bibi alipomgusa mkono kutoka kitandani mwake hospitalini.

"Fanya haraka, mama. Baba yako atarudi sasa hivi."

Supu hiyo ilikuwa ikichemka nyumbani kwao, Guangzhou, tangu jana yake mchana. Kwao, mgonjwa asiyepelekewa supu huonekana ametupwa. Bibi akanywa kikombe kizima, akafuta midomo.

Bibi alikuwa na saratani ya pafu. Moyo wake ulikuwa dhaifu, hivyo asingeweza kupasuliwa. Badala yake, daktari angepenyeza sindano nyembamba hadi kwenye uvimbe na kuugandisha kwa baridi kali mpaka ufe.

"Miaka thelathini nimegandisha samaki sokoni," Bibi alicheka. "Leo ni zamu yangu."

Juu ya kitanda kilining'inia kibao: ASILE, ASINYWE. Peiyi alikuwa amekisoma. Alijiambia kwamba kikombe kimoja hakina neno.

Muuguzi Kuang akaingia pamoja na baba yake Peiyi. "Bibi, umekula au kunywa chochote tangu usiku?"

"Hata tone," Bibi alijibu, akimkonyeza mjukuu wake.

Kitanda kikaanza kusukumwa. Peiyi alitazama mafuta yaliyoganda ukingoni mwa kikombe. Kitanda kilipofika mlangoni, alikishika.

"Dada muuguzi, amekunywa supu. Nimempa mimi, sasa hivi."

"Mbea wewe," Bibi alinong'ona.

Baba alifumba macho. "Tumesubiri wiki sita, Peiyi. Wiki sita."

Muuguzi alirudisha kitanda, akaenda kwa daktari. Aliporudi, alimkuta Peiyi analia akiwa ameelekea ukutani.

"Atatibiwa kesho asubuhi," alisema. "Angepewa dawa ya usingizi leo, supu ingeweza kupanda kooni na kuingia kwenye mapafu. Tungeweza kumpoteza. Kumpa supu lilikuwa kosa, mwanangu. Kunyamaza kungekuwa kosa kubwa zaidi, na hilo hukulifanya. Ukimpenda mgonjwa, fuata masharti ya matibabu yake, hata moyo wako ukikataa."

Peiyi aliosha chupa, akaifudikiza dirishani.

"Na kesho nikikulilia supu?" Bibi aliuliza.

"Nitakunyima, Bibi."

"Haya. Ila nikishatibiwa, uniletee. Na utie chumvi. Ya leo ilikuwa chapwa."