Miguu ya Valdirene

Umepanda basi lake mara mia. Ukamsalimia, ukakimbilia dirishani. Miguu yake hujawahi kuitazama. Usijitetee.

Valdirene alikuwa na miaka kumi na mmoja ya udereva mjini Caxias do Sul, na kiti chake hakikuwahi kumfaa; miguu ilining'inia. Ili afikie pedali alishona mto wa sufu nyekundu, akauweka mgongoni. Asubuhi moja ya baridi, stendi ikifurika watu, alipanda mwanamume mwenye skafu ya kijani na kamera shingoni.

"Naitwa Odair, wa kiwanda cha mabasi. Tunapima madereva wanavyokaa, tuchore kiti kipya. Nikubandike alama begani, kiunoni na gotini?"

"Begani sawa. Kiunoni ninunulie kahawa kwanza, kaka."

Alinunua, mwezi mzima. Kila jioni simu ikalia.

"Mgongo wa malkia wangu unasemaje?"

"Unakutukana, mpenzi."

Siku ya kupima akamwambia, "Toa huo mto, unaharibu vipimo." Akautoa.

Wiki iliyofuata Valdirene alimpelekea ofisini polenta, ugali laini wa mahindi, bado moto. Kwenye kompyuta akamwona dereva wa kuchorwa: dume lenye miguu kama nguzo.

"Mimi niko wapi hapo?"

Odair akatazama chini. "Bila mto hufikii pedali. Nyinyi wanawake wengi tumewaweka nje ya kipimo."

"Nje! Na hao waliochora, nani anawaleta kazini? Kwaheri, bwana mhandisi."

Akaondoka na polenta yake. Wiki sita hakupokea simu.

Siku moja Odair akamngoja getini, macho mekundu.

"Nimewapima upya wenzako arobaini na mmoja, kila mmoja na mto wake, taulo lake, koti lake alilolikunja. Bosi alitaka mchoro wa zamani, nikakataa kutia sahihi. Kiti cha majaribio kiko uani. Umebaki wewe."

Valdirene akaketi, bila mto. Nyayo zikalala sakafuni, zote mbili. Akainua kidevu kama aliyevishwa taji.

Odair alikuwa amepiga magoti, akimpima goti. "Maadamu nipo huku chini... utaolewa nami?"

"Nitaolewa. Siku kiti hiki kitakapofungwa kwenye mabasi yote."

"Bosi akikataa?"

"Mabasi hayatatoka."

Mpaka leo bosi bado anajivuta, na kiti hicho ni kimoja tu. Basi wewe wa dirishani, inuka. Itazame miguu ya dereva wako. Ikining'inia, andika namba ya basi, uipigie kampuni kabla hujashuka. Leo. Harusi ya watu inakungoja wewe.