Chupa Kwa Gumboot ya Buda

"Nani anakuuzia pombe, Maxine?"

"Mum, sinunui, nimekuambia..."

"Mtoto wa sixteen, unatetemeka kama mzee wa chang'aa..."

"...nilitoa hapa hapa kwa nyumba, kwani huskii?"

"Nyamaza. Usinitolee mdomo."

Siz, dadangu mdogo, akanyamaza kweli. Akaanguka hapo jikoni, macho juu, meno zimekazana, miguu ikipiga masufuria.

Wasee, mimi mnanijua na mizaha. Yule aliwacha chuo third year akarudi mtaa wa Landless kwa mamake kuposti video. Leo sina nguvu ya kuchekesha mtu.

Jumamosi nilipata mzinga wa vodka, ile chupa kubwa, umefichwa ndani ya gumboot ya marehemu buda, baba yetu. Nikajua ni ya siz. Amekuwa akisahau vitu, asubuhi anatapika, anasema ni ulcers.

Nikamwaga yote. Nikajaza maji. Nikachaji simu, ningoje drama.

Jumapili jioni chupa ilikuwa tupu. Hakuna mtu alisema kitu. Prank yangu ya kwanza kukosa mtu wa kulalamika... na ungelalamika aje, na huwezi sema chupa ni yako?

Jumatatu asubuhi ndio hiyo, siz kwa sakafu.

Hospitali, Daktari Aketch alinivuta kando.

"Anakunywa kila siku?"

"Naona hivyo. Lakini nilimbadilishia na maji, daktari. Ilikuwa jokes tu."

"Mwili ikishazoea pombe, ukiikata ghafla inashtuka. Huyu angekufa. Si ungemleta tu?"

Nilikaa kwa kiti ya plastiki, nimechoka mpaka mifupa.

Baadaye siz akafungua macho.

"Ni wewe uliweka maji?" Sauti imekauka.

"Ni mimi."

"Woi. Mi nilidhani ni Mum... nilidhani amejua namwibia."

"Unamwibia nini?"

Akageukia ukuta.

Nikaangalia Mum. Alikuwa amesimama mlangoni, jasho inamtoka na kulikuwa na baridi. Mikono amezificha ndani ya sweta. Tangu asubuhi hakuwa amezitoa.

Hapo ndio nikakumbuka ile maji. Mzinga mzima, siku moja. Siz hakuwa peke yake kwa hiyo chupa.

Na siz alikuwa amesema. Mara mbili, pale jikoni. Sisi ndio hatukuskia.

Wazazi, kabla muulize mtoto ni duka gani inamuuzia, angalieni kwa nyumba kwanza. Na ukipata amezoea, usimwage ukacheka vile nilifanya. Mpeleke hosi.

Daktari Aketch akarudi kupima presha ya siz. Mum akakohoa kidogo.

"Daktari, hiyo kitanda ya kando yake iko na mtu?"

"Haina. Unataka kulala kiasi, mama?"

Mum akatoa mikono kwa sweta. Zilikuwa zinacheza zenyewe.

"Naomba mniandikishe na mimi."