Bastola ya Mzee Mukhisa

Harufu ilianzia jikoni, saa sita mchana. Agneta alikuwa anasonga ugali. Alisimama na mwiko mkononi, akauliza ni nani amewasha kiberiti. Hakuna aliyewasha. Mumewe, Sifuna, aliijua vizuri harufu ya baruti, lakini alisema labda jirani anachoma takataka.

Sifuna alikuwa fundi wa bunduki wa polisi miaka thelathini kabla ya kustaafu na kutulia Tuwan, hapa Kitale. Watu walimwamini. Ndiyo maana wiki mbili nyuma Phelista, mwalimu kutoka Bokoli, alimletea bastola iliyofungwa kwa kitambaa. Baba yake, Mzee Mukhisa, alikuwa mgonjwa kitandani. Maisha yake yote alisema bastola hiyo aliachiwa na babu yake, na ndugu zake wakamcheka kwamba ni kitu cha sokoni. Phelista alitaka kujua ukweli mzee akiwa bado hai, kisha aipeleke polisi.

Sifuna aliichunguza karibu na dirisha. Ilikuwa ile ya kupakia baruti na risasi kwa mbele ya silinda, ile ngoma ya risasi inayozunguka. Za kuigwa, zinazotengenezwa viwandani siku hizi, huwa na mihuri ya ukaguzi na onyo la kutumia baruti nyeusi pekee. Hii haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Nambari ya mtutu na ya silinda ilikuwa moja, imegongwa kwa mkono, na mbao ya mpini ilikuwa imelika kwa viganja vya watu. Ilikuwa ya zamani kabisa. Sifuna akaitamani.

"Hii ni bandia, mama," alimwambia Phelista. "Baba yako alidanganywa."

Akaahidi kuipeleka polisi mwenyewe. Akaificha kabatini, chini ya blanketi.

Baada ya harufu ilikuja sauti ya silinda ikizunguka polepole. Halafu Jumapili mchana, wanajumuiya wa kanisa wakiwa sebuleni wanasali, mlango wa chumba cha kulala ulifunguka wenyewe, harufu ya baruti ikajaa mpaka watu wakaziba pua, na kutoka kabatini ikasikika sauti ya Sifuna mwenyewe, na mkwaruzo wake ule ule, ilhali yeye ameketi mbele yao mdomo umefungwa, ikisema hii ni bandia, mama, baba yako alidanganywa, ikarudia, ikarudia tena, mpaka wageni wakatoka mmoja mmoja bila kuaga.

"Baba Emmy," Agneta alimnong'oneza mumewe, "ulimwambia nani hayo?"

Alimweleza yote akiangalia sakafu.

Walienda Bungoma kwa Maalim Issack, anayeishi karibu na msikiti, anayejulikana kwa kutoa majini. Maalim aliishika ile bastola, akairudisha haraka mezani. Alisema akisoma dua bila ukweli kusemwa, jini litatoka kwenye chuma liingie kwa mwenye uongo. Ikabidi wote watatu wafunge safari ya Bokoli.

Walikuta kaburi jipya kando ya shamba la mahindi.

"Nilimwambia ulichosema," Phelista alisema. Hakupandisha sauti. "Aligeukia ukuta. Hakuongea tena mpaka akaenda."

Sifuna alitamani ardhi immeze. Ndugu za marehemu waliitwa, wakasimama kuzunguka kaburi, wale wale waliomcheka mzee. Maalim alianza kusoma. Sifuna, machozi yakimtiririka, akasema bastola ni ya kweli, ni ya zamani, Mzee Mukhisa hakudanganya, ni yeye aliyedanganya kwa tamaa. Moshi mwembamba ukatoka kwenye mtutu uliokuwa mtupu, ukapita juu ya mahindi, ukapotea. Maalim akafunga kitabu, akasema limeondoka.

Watu walikuwa wameanza kugeuka waende zao, mtu akakohoa. Kikohozi kilitoka chini, kwenye udongo. Phelista alishika kifua. Alikuwa amemuuguza baba yake na kikohozi hicho miezi mitatu.

"Sikusikia vizuri," baba yake alisema kwa upole. "Sema tena."

Sifuna akapiga magoti, akasema tena.

"Tena."

Jua lilipozama alikuwa angali anasema, sauti imekauka, na hakuna aliyethubutu kumwinua.