Tandiko Lisilo na Farasi

Kila Jumamosi asubuhi nilikuwa nafua sare zangu za shule, nazianika nyuma ya jiko, halafu nachukua mfuko wangu wa vitabu na kukimbilia kwa Bu Ratri. Mama alikuwa akinipigia kelele nyuma, "Wening, hujala!" Mimi nilikuwa nimeshavuka mfereji.

Bu Ratri, kwani kwetu mwanamke mtu mzima huitwa Bu, alikuwa mwalimu wetu kabla hajastaafu. Marehemu baba yake alikuwa mfumaji, na banda lake la kufumia nguo ndilo Bu Ratri alilolifanya maktaba ya kitongoji chetu. Kitanda kimoja cha mfumi, kile cha kufumia nguo, kilibaki pale pembeni, na sisi tulikuwa tunakaa juu ya ubao wake kusoma, ingawa alishatukataza mara mia.

Maktaba ile ilikuwa na sharti moja tu. Ndani ya jalada la nyuma la kila kitabu palikuwa na bahasha yenye kadi. Ukirudisha kitabu, unaandika maoni yako kwenye kadi na kuweka nyota, kuanzia moja mpaka tano. Usipoandika hupewi kitabu kingine, hata ulie.

Wenzangu waliichukia ile kadi. Mimi niliipenda, tena niseme ukweli, niliipenda kuliko vitabu vyenyewe. Watoto walikuwa wakifika wanafungua jalada la nyuma kwanza, wanatafuta jina langu. Waliniita Hakimu.

"Hakimu, hiki vipi?"

"Nyota tatu. Mwanzo mtamu, mwisho mwandishi kachoka, kawaoza wote."

"Na hiki cha baiskeli?"

"Tano. Ila usikisome una njaa, maana kila sura wanakula tofu ya kukaanga."

Walikuwa wanacheka na kufanya nilivyowaambia. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na sifa ilikuwa imenipanda kichwani.

Mwezi wa pili, mvua zikiwa zimekolea, likaja sanduku kutoka mjini. Lilikuwa na riwaya mpya kumi na mbili za watoto na vijana, bado zinanukia wino. Nilijiapiza kwamba kwenye kila kadi maoni ya kwanza yatakuwa yangu. Nilisoma nikila, nilisoma nikikoroga uji, nilisoma mpaka macho yakawa mekundu. Kwa wiki tatu nikamaliza kumi na moja. Msichana anayeongea na mvua nilimpa nyota nne, nikaandika kwamba mvua ina maneno mengi kuliko yeye. Kile cha mapacha walionunua mzimu nilikipa mbili, kwa sababu mzimu ulikuwa muoga.

Kikabaki kimoja. Kiliitwa Tandiko la Farasi, na jalada lake lilikuwa na mtoto amelala kitandani. Nilisoma kurasa kumi na tisa. Mtoto ana homa, mama anamkanda maji, nyanya anaomba dua, mtoto bado ana homa. Jumamosi ilikuwa imefika, na nilijua wenzangu wawili wanakinyemelea. Nikaenda nacho maktaba, nikachukua kalamu.

"Tandiko la Farasi. Nyota moja. Humu hakuna farasi hata mmoja. Ni homa tu tangu mwanzo hadi mwisho. Jina linadanganya. Usipoteze muda wako."

Bu Ratri alikisoma kile nilichoandika, akanitazama juu ya miwani yake.

"Umekimaliza?"

"Nimekimaliza, Bu."

Wala sauti haikutetemeka.

Asubuhi ileile akaja rafiki yangu Lintang na mdogo wake Danar. Danar alikuwa na miaka sita, na popote alipokwenda alikuwa amempanda farasi wake wa mianzi iliyosukwa, kama wale wa wachezaji ngoma wa kwetu. Hata akitumwa chumvi alienda kwa farasi. Lintang akakiona kitabu, macho yakamng'aa.

"Hiki nakichukua. Nitamsomea huyu jioni. Kutwa nzima ni farasi, farasi!"

"Acha," nikamwambia. "Hakina farasi."

Danar akasimamisha mbio zake. "Hakina kabisa, Mbak Wening?" Mbak kwetu ni dada.

"Hakina hata mkia."

Watoto wote wakacheka. Danar naye akacheka, akalia kama farasi, akatoka nje akiruka madimbwi. Lintang akakirudisha kitabu kwenye rafu. Tangu siku hiyo, kila aliyekipita alikuwa anauliza kwa mzaha, "Farasi yuko wapi?" Hakuna aliyekiazima.

Jumatatu ya wiki iliyofuata Danar akashikwa na homa. Jumanne mama yake, Bu Yatmi, akampeleka zahanati. Wakampa dawa ya kushusha homa na kumwambia amrudishe Alhamisi wampime damu. Nyumbani, bibi yao, Mbah Sarti, akampaka mafuta na kumkwaruza mgongo kwa sarafu, kama tunavyofanya sote mtu akiingiwa na baridi. Mgongo wote ukawa na mistari myekundu. Kama kulikuwa na vipele chini yake, nani angeviona?

Alhamisi, siku ya nne, homa ikashuka.

Nilikwenda baada ya shule. Nyumba ilikuwa na furaha. Mbah Sarti alikuwa amepika uji wa shukrani, mweupe wa tui na mwekundu wa sukari ya mnazi, na Lintang alikuwa anawapelekea majirani sahani baada ya sahani.

"Mama anasema tumpeleke leo kupimwa damu," Lintang aliniambia.

"Aliyepoa anapimwa nini?" Mbah Sarti akadakia kutoka jikoni. "Mtamchomachoma mtoto wa watu bure. Mvua yote hii!"

Danar alikuwa amelala mkekani, farasi kando yake. Hakutaka uji. Alisema tumbo linamuuma. Miguu yake ilikuwa baridi, bibi akamvisha soksi. Mimi nikamgusa paji la uso, nikajifanya mganga.

"Amepoa kama mtungi," nikasema. "Kesho atapanda farasi."

Bu Yatmi, aliyekuwa amesimama tayari kumpeleka, akatabasamu, akakaa. Nikala ule uji. Nikaomba na wa pili.

Ijumaa asubuhi, nikiwa najifunga kamba za viatu, niliona pikipiki ya mjomba wao ikipita mbio. Bu Yatmi alikuwa amekaa nyuma, na katikati yao Danar, amefungwa kwa kitambaa kama furushi. Kichwa kilikuwa kinaning'inia na mdomo una damu. Zahanati wakawapeleka hospitali kubwa. Saa nne Danar akafa. Ilikuwa dengi, homa inayoletwa na mbu.

Tulimzika siku ileile, baada ya sala ya Ijumaa. Kaburi lilikuwa fupi sana. Lintang alisimama amemkumbatia yule farasi wa mianzi, na nilipomkaribia alisema bila kunitazama, "Jana alikuwa bado anakiulizia kile kitabu. 'Dada, kweli hakina farasi?'"

Usiku sikulala. Jumamosi nikaenda kwa Bu Ratri mapema, kabla ya mtu yeyote. Nilitaka kumtafutia Danar farasi. Nilijua ni ujinga, kwani amekwisha kufa, lakini nilitaka nikute japo mmoja, japo kwenye picha. Nikakaa sakafuni, nikaanza ukurasa wa ishirini.

Nilimkuta ukurasa wa sitini na nne. Mle kitabuni, muuguzi anachukua kipande cha mfuko wa saruji na kumchorea mama wa yule mtoto mstari. Mstari unapanda juu, unashuka, halafu unapanda tena. "Hivi ndivyo homa ya dengi inavyokwenda," anasema muuguzi. "Tunaiita tandiko la farasi. Hapa katikati panapobonyea, siku ya nne au ya tano, mwili unapoa. Kila mtu anafurahi. Na hapo ndipo watoto wanapokufa. Akipoa lakini hana nguvu, tumbo linamuuma, miguu baridi, usipike uji wa shukrani. Mkimbize."

Nilisoma mara tatu. Halafu nikatoka nje na kitabu mkononi mpaka penye mfereji.

Bu Ratri alinikuta nimechuchumaa pale. Nikamwambia kila kitu: zile kurasa kumi na tisa, uongo, Lintang kukirudisha kitabu kwenye rafu, na jinsi nilivyogusa paji la uso na kusema amepoa. Aliniacha nikalia mpaka nikaishiwa. Hakunibembeleza.

"Nikuulize," alisema mwishowe. "Mbu umemfuga wewe?"

"Hapana, Bu."

"Basi kifo cha Danar usijibebeshe. Hata mimi nilikiweka kitabu rafuni bila kukisoma, nikakuamini wewe. Lakini uongo ni wako, Wening. Huo utaubeba kwa miguu yako mpaka nyumbani kwao."

Nilikwenda. Sijawahi kutembea njia ndefu kama ile, na ni nyumba sita tu. Bu Yatmi alinisikiliza, akainuka, akaingia ndani. Mbah Sarti alijifunika uso na kitambaa. Lintang ndiye aliyezungumza.

"Ulisema umekimaliza."

"Nilisoma kurasa kumi na tisa."

"Mimi ningezisoma zote. Ningemsomea zote."

Akafunga mlango. Kwa wiki tano hakunisemesha, wala simlaumu. Darasani alihamia dawati jingine, na wenzetu walipojua sababu, hakuna aliyeniita Hakimu tena. Majuto ni mjukuu, wanasema wahenga. Mimi nilimlea huyo mjukuu peke yangu.

Nilitaka kuichana ile kadi. Bu Ratri akaninyang'anya.

"Uliyoyaandika yamekwisha kusomwa. Andika mengine chini yake, watu waone yote mawili."

Nikaandika: "Nilidanganya. Nilisoma kurasa kumi na tisa tu. Sasa nimekimaliza. Someni, hasa ukurasa wa 64." Sikuweka nyota. Sikujiona mtu wa kugawa nyota.

Bu Ratri aliusoma ukurasa ule kwenye kikao cha akina mama. Jumapili iliyofuata kitongoji kizima kikatoka na mafagio. Tulimwaga makopo, vifuu na matairi yenye maji, tukasugua mabirika ya kuogea. Kwenye birika la nyumbani kwetu, ambalo ni kazi yangu kulisugua kila wiki, nilikuta viluwiluwi vya mbu vikicheza. Sikumwonyesha mtu. Nilivimwaga juani nikavitazama mpaka vikakauka. Mwisho nikamwonyesha mama pale palipokuwa na vile viluwiluwi, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuficha.

Siku ya kikao, kitabu kilitoweka mezani. Bu Ratri alijua nani amekichukua, akamwacha akae nacho.

Mwezi wa nne, Panji, mtoto wa jirani yao Lintang, akashikwa na homa. Siku ya nne akapoa. Mama yake, Bu Endah, alikuwa ameshabandika sufuria ya uji wa shukrani, nami nilikuwa uani kwake nimeleta mapera ya kumkamulia mgonjwa, wakati Lintang alipoingia jikoni na kile kitabu kwapani.

"Zima jiko, Bu."

"We mtoto vipi? Mwenzio amepoa!"

"Danar naye alipoa."

Mwiko ukabaki hewani. Lintang akapita mpaka mkekani, akamshika Panji miguu. Akageuka, akaniona mlangoni. Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha tangu aufunge ule mlango.

"Baridi," alisema. "Kamwite mjomba na pikipiki. Kimbia!"

Nilikimbia kuliko nilivyowahi kukimbia maishani. Panji alikaa hospitali siku tano na mpira wa maji mkononi. Daktari alimwambia Bu Endah kwamba wangechelewa mpaka asubuhi, asingeahidi kitu. Siku ya sita Panji akarudi, amekonda, anadai tofu. Bu Yatmi alikwenda kumwona, akamshika mashavu, kisha akakaa kizingitini akalia kwa sauti, na sote tulimwacha alie.

Jumamosi hiyo Lintang alileta kitabu maktaba. Banda lilikuwa limejaa. Akachukua kalamu, akaandika kwenye kadi, akakifunga na kumpa Bu Ratri. Halafu akaja akakaa juu ya ubao wa kitanda cha mfumi, karibu nami, ila si karibu kama zamani.

Bu Ratri hakutukataza kukaa pale siku hiyo. Alivua miwani yake.

"Sikilizeni, wanangu," alisema. "Kukichukia kitabu ni ruhusa. Andika kimekuchosha, andika hakina ladha, mwandishi hatakufa. Lakini kisome kwanza. Na kama hujakimaliza, sema hujakimaliza. Hakuna aibu hapo. Mwenzako anapouliza maoni yako, anakuazima macho yako. Usimpe macho uliyoyafumba. Na homa nayo ni hivyohivyo. Msiihukumu nusu njia. Mtoto hajapona mpaka aliyempima aseme amepona."

Kisha akafungua jalada la nyuma na kutusomea maneno ya Lintang. Yalikuwa mstari mmoja.

"Nyota tano. Danar, farasi yupo."