Tangi Tupu la Boti Mringa

"Mzigo unapita leo. Umo ndani ya boti yenu. Usimwamini mtu."

Herieth Lyatuu alisoma ujumbe mara moja, akaufuta, akairudisha Nokia yake ndogo ndani ya kopo la grisi, juu ya bastola yake, Glock 19.

Saa moja na robo asubuhi.

Kwa siku tisa sasa alikuwa fundi wa Mringa, boti bapa ya chuma iliyozoa magugu maji kwenye mfereji mkuu wa shamba moja la miwa, kusini mwa Moshi. Wafanyakazi walilala humo humo, wakapika humo humo, wakaanika soksi zao kwenye waya wa taa. Polisi walipekua kila lori barabarani. Boti ya magugu hawakuigusa.

Hakuna aliyejua kwamba fundi huyo alikuwa afisa wa usalama kwa miaka kumi na moja.

Kilichotafutwa ni baruti zilizoibwa mgodini. Kilo mia mbili, pamoja na viwashio vyake. Zikivuka mpaka zingelipuliwa mahali penye watu wengi. Wapi, ofisi haikujua.

Watu watatu. Mmoja wao ndiye mbebaji.

Wenseslaus, nahodha, mzee wa Old Moshi aliyesali rozari kabla ya kuwasha injini. Eliudi, mshika usukani, kijana aliyenuna tangu Jumatatu hadi Jumapili, na kila jioni alijitenga kunong'ona na simu. Aikaeli, mpishi, mcheshi, aliyemjazia Herieth bakuli la mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, kuliko wenzake.

Herieth alikuwa amemweka Eliudi juu ya orodha.

Alianza kazi za asubuhi. Akawasha pampu ya kutoa maji tumboni mwa boti. Ilikohoa, ikatoa lita mbili tatu, ikavuta hewa. Tumbo kavu. Akazungusha kikombe cha grisi cha shafti ya propela nusu mzunguko, akahesabu matone ya maji yaliyopenya. Tone moja kwa dakika. Safi.

Kisha akainama ubavuni, karibu na pua ya boti, kutazama mstari mweupe.

Akapima kwa vidole.

Tangi la maji ya kunywa lilikuwa mbele, chini ya sitaha. Likijaa, pua ilizama hadi kwenye mstari. Likiwa tupu, mstari ulikaa vidole vinne juu ya maji. Tangu jana Aikaeli alisema tangi limekauka, akawa anabeba maji kwa ndoo kutoka bombani.

Leo maji yaliulamba mstari.

Tangi tupu. Tumbo kavu. Na pua nzito.

Lakini tangi halikuwa na kufuli. Yeyote kati yao angeweza kulijaza.

Alikwenda nyuma, akawasha redio ya Motorola yenye ukubwa wa kiberiti.

"Kitalu, hapa Migomba."

"Sema, Migomba." Sauti ya Doris, mkuu wake, ilikuwa kavu.

"Nimeuona mzigo. Mbebaji bado."

"Geti la mwisho la mfereji mnafika saa nne. Mnunuzi yuko pale na Land Cruiser nyeupe. Vijana wangu wako kwenye miwa. Nataka wote wawili."

"Nitampata."

Boti ilipoanza safari, Herieth akachomoa bastola kwenye grisi, akaifuta, akaitia ndani ya ovaroli. Akaburuta mashine ya kuchomelea hadi mbele na kuwasha jenereta. Waya wa pili, ule wa kubana kwenye chuma, aliuficha chini ya turubai. Haukugusa boti. Bila huo, hakuna cheche.

"Mzee Wenseslaus! Ule ufa wa sitaha, nauziba sasa hivi!"

"Sawa, mama. Tumeusubiri wiki nzima," nahodha akajibu.

Eliudi, kwenye usukani, hakugeuza hata shingo.

Herieth akashusha kioo cha uso. Akasogeza kijiti cha kuchomelea juu ya tangi.

"Dada! Acha!"

Aikaeli alitoka jikoni mbio, kisu cha kumenyea ndizi mkononi. Akakata bomba la mafuta la jenereta. Ngurumo ikakohoa, ikazimika.

"Unaogopa nini, kaka? Tangi si tupu?"

Tabasamu lake lilikuwa limekwisha. Herieth alitoa Glock. Aikaeli akapanda juu ya mfuniko wa tangi, akasimama hapo miguu ameitanua.

"Piga basi," alisema. "Risasi ikipita, tunakwenda wote."

Nyuma yao, ukingoni, zilianza nyumba za wafanyakazi wa shamba. Wanawake walikuwa wakifua.

Herieth hakuweza kupiga. Kulikuwa na mtu mmoja tu mwenye mkono kwenye gia, na ni yule yule aliyemshuku siku zote hizo.



"Eliudi! Rudi nyuma! Mafuta yote!"

Sekunde moja. Ndefu mno.

Injini ikanguruma. Mringa ikashtuka kama punda aliyechapwa. Aikaeli akapepesuka, akaenda majini kichwa mbele. Herieth akanyakua mti wenye kulabu ya kuvutia magugu, akamnasa ukosi, akamvuta na pingu zikalia.

Jikoni simu ya Aikaeli ikaanza kuita.

Eliudi alikuja mbio. "Sista, mimi simo. Zile simu za jioni naomba kazi shamba lingine. Sikutaka mzee ajue."

Herieth akamletea simu ile. "Pokea. Jifanye mpishi. Sema mmechelewa kidogo."

Eliudi akapokea, akaikwaruza sauti. "Bosi, majani yamebana propela... Ndiyo... Mzigo salama. Saa nne kamili."

Saa nne kamili Mringa ilifika getini. Mwanamume mwenye miwani nyeusi aliteremka kwenye Land Cruiser, akakanyaga sitaha, akakutana na mdomo wa Glock.

"Karibu," Herieth alisema. "Vua viatu, nimedeki."

Miwa ikafunguka. Vijana wa Doris wakatoka pande zote.

Wataalamu wa milipuko walipomaliza kutoa mifuko tangini, Wenseslaus alikuwa ameketi juu ya ndoo, kofia mkononi. Mzee huyo alikuwa amekula meza moja na Aikaeli kwa miaka mitatu.

"Mimi je, mama? Ulinishuku?"

"Kila siku, mzee."

Akatikisa kichwa polepole. "Wewe nakuamini vipi sasa?"

Herieth alinawa grisi mikononi, akatupa begi begani, akaruka ukingoni.

"Usiniamini," alisema. "Shikamoo, mzee. Marahaba yako nitaipokea siku nyingine."

Akashika njia ya katikati ya miwa, bila haraka.